Mama ametapeliwa, na sasa hapokei simu zetu

Shangazi, shikamoo.

Naishi Arusha, Sakina, na mume wangu na watoto watatu. Mama yetu yuko nyumbani Kibosho na mjukuu mmoja wa darasa la sita. Ana miaka 73. Alifundisha shule za msingi hadi alipostaafu mwaka 2012, na kule kwetu mpaka leo watu wazima wenye mvi humwita Mwalimu.

Miezi miwili iliyopita nilipanda nyumbani kwa msiba wa jirani. Nilipopita nyuma kwenda bandani nikakuta ng'ombe mmoja tu. Nikauliza, "Mama, mtamba yuko wapi?" Akasema, "Nimemuuza," akaendelea kukatakata majani. Mama yangu hauzi mtamba mwenye mimba, Shangazi. Usiku jikoni mjukuu akaninong'oneza: "Bibi anaongea na ofisi kila asubuhi. Akiongea ananiambia nitoke nje."

Ndipo nikaomba simu yake nikasoma. Kuna mtu alimpigia akajiita ofisa wa mfuko wa pensheni, makao makuu Dodoma. Alimtajia majina yake matatu, shule aliyostaafia na cheki namba yake ya utumishi. Akamwambia mifuko ilipounganishwa mwaka 2018 faili lake lilirukwa, hivyo anadai mapunjo ya shilingi 11,400,000. Ila faili halifunguki bure. Kwanza 180,000 ya kufungua faili. Kisha 450,000 ya stempu. Kisha 620,000 ya kodi, na hapo ndipo mtamba alipouzwa. Mwisho 800,000 ya kuharakisha hundi, ambazo mama alikopa. Jumla 2,050,000 ndani ya siku tisa. Mama alimtumia na picha ya kitambulisho chake cha NIDA. Kila mara aliambiwa asimweleze mtu, eti haya ni mambo ya ofisi na yakivuja jina lake linaondolewa kwenye orodha. Kinachoniuma zaidi ni ule unafiki wa tapeli: kila asubuhi alikuwa anaanza kwa shikamoo, anamuuliza goti limeamkaje, ndipo anaomba hela.

Shangazi, nilikosea. Nilipiga kelele mbele ya mashemeji. Nikamwambia, "Wewe uliyenifundisha kuhesabu, leo unahesabiwa na kijana wa mtaani?" Hakujibu. Alikunja kanga yake iliyokuwa kwenye kiti akaingia ndani. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu, salamu anatuma kwa mjukuu. Jumuiya ameacha kwenda, kanisani anakaa nyuma na kutoka kabla ya matangazo.

Kaka yangu yuko Dar es Salaam. Anasema tumnyang'anye ile simu, tumpe kitochi kisicho na akaunti ya pesa, na pensheni ihamishiwe kwenye akaunti yake yeye, awe anamtumia mama mahitaji. Mdogo wetu wa kike anakubali. Mimi sijui.

Je, pesa zinaweza kurudi? Simu tumnyang'anye? Na mimi nirudi vipi kwa mama? Kadi yake ya benki nayo iko kwa mama mmoja mkopeshaji hapo mjini Moshi, aliiacha alipokopa zile 800,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, lakini hilo tutalimaliza taratibu.

Binti wa Mwalimu, Arusha

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole hiyo mfikishie Mwalimu.

Umeuliza mambo matatu. Naomba nianze na la nne, ulilolichomeka mwishoni kama mtu anayetupa ganda la ndizi. Kadi ya benki haimalizwi taratibu. Hilo ni la kesho asubuhi. Tapeli alikula akaondoka. Huyu mama wa mjini bado yuko mezani. Anayeshika kadi anashika na namba ya siri, maana bila namba ya siri kadi ni kipande cha plastiki. Pensheni ikiingia yeye ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine, anatoa chake, kinachobaki anamkabidhi mwenye kadi kama hisani. Kwa riba hiyo, 800,000 ikawa 1,040,000 mwezi ulipogeuka. Na kama anachokatwa Mwalimu ni riba peke yake, basi kila mwezi zinaondoka 240,000 na deni liko palepale kama jiwe la kusagia. Watu hawakukosea kuiita mikopo hii kausha damu.

Benki Kuu imekwisha kukataza wakopeshaji kushikilia kadi za wateja, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni. Nendeni wawili na mama awe wa tatu. Ombeni kuona karatasi aliyosaini, ombeni kuona leseni, lipeni mbele ya mashahidi na muandikishane kwamba deni limekwisha. Mkitoka hapo pitieni benki abadilishe namba ya siri siku hiyohiyo. Mkopeshaji akigoma kutoa kadi, mama ana haki ya kuomba benki iifunge na kumtengenezea nyingine. Deni litabaki deni, lakini ule mkono utakuwa umetoka mfukoni mwake. Kaka yako anayetamani kuisimamia pensheni ya mama, mwambie nafasi ya kuanzia ni hii, achangie deni.

Sasa pesa za tapeli. Msizitegemee. Pesa ya simu ikifika upande wa pili hutolewa kwa wakala upesi, mara nyingine kabla aliyetuma hajaweka simu chini. Mtu akishtuka saa ileile apige 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao yetu, aombe muamala uzuiwe, na kama hela bado haijatolewa inaweza kuokolewa. Ninyi zimepita wiki nyingi. Hata hivyo nendeni polisi mkiwa na simu yenyewe, msifute ujumbe hata mmoja. Kila ujumbe wa muamala una namba yake ya kumbukumbu, tarehe, saa na jina la aliyepokea, na hivyo ndivyo mpelelezi anavyohitaji. Mtapewa namba ya RB, yaani ya taarifa yenu pale polisi, itunzeni. Kujifanya mtu mwingine na kulaghai kwa njia ya simu ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba mama alitoa mwenyewe kwa hiari yake. Namba ambayo tapeli alipigia itumeni pia kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, ni bure. Mtamba hatarudi kwa hilo, ila laini itachunguzwa na ikifungwa kuna mstaafu mwingine atakayelala salama. Huyo wa Dodoma, kwa njia, huenda Dodoma haijui hata yeye: taarifa za TCRA za robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro mara kwa mara kwa laini za utapeli.

Kwa kuwa alituma picha ya kitambulisho, bonyezeni *106# kwenye simu ya mama mkague laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Mkiona laini asiyoijua, nendeni kwenye duka la mtandao husika ifutwe. Na mwelezeni jambo moja ambalo wazee wengi hawaambiwi: akienda kusajili laini chini ya mwavuli, kijana akamwambia kidole hakikusoma, bonyeza tena, aombe kwanza kuona kilichotokea ile mara ya kwanza. Kuna laini zilizozaliwa kwenye "bonyeza tena".

Jiandaeni pia kwa simu ya pili. Atapiga mwingine, pengine sauti ya mwanamke, atasema ni mpelelezi au mwanasheria, tapeli amekamatwa, fedha za mama zimepatikana ila kuna gharama ndogo ya kuzitoa. Namba ya mtu aliyekwisha kulipa mara nne haitupwi, inauzwa. Mwambieni mama mapema, kabla hawajamfikia, ili simu ikiita aijue.

Nataka uelewe alivyonaswa, maana ukielewa hutarudia ile kelele. Uongo ule umejengwa juu ya msingi wa kweli. Ni kweli mwaka 2018 PSPF, PPF, LAPF na GEPF ziliunganishwa ikapatikana PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Ni kweli kuna wastaafu waliowahi kukuta kasoro kwenye hesabu zao, na neno mapunjo limezungumzwa kwenye vikao vya walimu tangu mama yako yuko darasani. Majina na cheki namba havikuwa siri kubwa: kila fomu ya uhakiki ilipotolewa kopi pale steshenari, kila orodha iliyopigwa picha ikarushwa kwenye kundi la wastaafu, macho mengi yalipita. Mtu akikutajia shule uliyostaafia na namba uliyoiandika miaka thelathini, utamwamini. Na wewe ungemwamini.

Palipokuwa na ufa ni pawili tu. Mfuko wa pensheni haumtozi mstaafu ada ili umlipe haki yake, na kama kweli una chake, unajua akaunti ilipo, ndiko unakoingiza pensheni kila mwezi. La pili, malipo ya serikali hupita kwenye kumbukumbu namba, ile inayoitwa mtaani kontroo namba, wala hayaendi kwenye laini ya mtu. Mama alipotuma, kabla hajaweka namba ya siri, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji. Nina hakika aliliona. Na nina hakika alikuwa ameandaliwa: "Litakuja jina la mhasibu wetu, Mwalimu, usijali."

Nilikaa dirishani benki miaka kumi na tisa kabla sijaanza kujibu barua. Siku moja, mwisho wa mwezi, alikuja babu mmoja wa milimani kwenu, koti la kijivu, kofia mkononi. Alitaka kutoa milioni moja na nusu, karibu yote aliyokuwa nayo. Nikamuuliza, kama tulivyofundishwa, "Babu, ni za shughuli gani?" Akasema za ng'ombe. Alisema haraka mno. Nikaona mfuko wa shati lake unawaka kwa ndani, mwanga wa simu unapita kwenye kitambaa. Simu ilikuwa hewani. Kuna mtu alikuwa anasikiliza kila neno langu kutoka mfukoni mwa babu yule. Niliona, foleni ilikuwa ndefu, msimamizi alikuwa ananikohoa mgongoni. Nikahesabu noti nikampa. Wiki iliyofuata alirudi kuuliza kama hela "zimeingia". Alinitazama usoni, nikajua kwamba anajua kwamba niliona.

Ndiyo maana sina hamu na swali la "aliwezaje kudanganyika". Mzee akiwa kwenye simu ya namna hiyo hayuko peke yake na akili zake, kuna mtu anayemwongoza hatua kwa hatua, anayemkataza kukata, anayempa jibu la kumwambia karani. Na usomi haukingi. Mwaka 2009 ilipoporomoka DECI, ule mchezo wa upatu, waliokuwa wamekwenda "kupanda mbegu" walikuwemo wenye digrii zao, na waliokuwa wakiiendesha ni wachungaji. Baadhi ya waliotoa akiba yao niliwahudumia mimi. Walikuwa wananicheka kwamba sipandi.

Tuje kwenye simu. Usimnyang'anye. Mtu aliyelipa milioni mbili kwa sababu alikatazwa kusema na watoto wake, mkimkatia simu mtakuwa mmemalizia kazi ya tapeli. Lililo la kupunguza ni hela inayokaa humo. Kwenye simu ibaki ya sukari, ya daladala na ya fundi wa bomba. Akiba nyingine iwe kwenye akaunti isiyounganishwa na simu, anayotoa kwa kwenda dirishani mwenyewe. Atachukia safari ya kushuka mjini, na goti litalalamika, lakini ile safari ndiyo ulinzi: tapeli hapendi kusubiri mpaka Jumatatu. Muulize pia kijana wa wakala wa hapo njiapanda amemsaidia mara ngapi "kuweka namba ya siri". Simtuhumu, wengi wao ni watoto wema wenye haraka. Lakini namba ya siri inayojulikana na watu watatu ibadilishwe, na ile mpya Mwalimu aiweke kwa vidole vyake hata kama foleni itanuna.

Pensheni isihamie kwa kaka yako. Siandiki kwamba ana nia mbaya. Ila nimeona dirishani wazee wanaoletwa na watoto wao kusaini, kisha wanaomba nauli ya kurudi nyumbani kutoka kwenye hela yao wenyewe. Karibu wote huanza kwa nia njema. Mama yako amefanya kazi, pensheni ni mshahara wa chaki. Mkimfanya aombe hela ya chumvi kwa mwanawe wa Dar es Salaam mtakuwa mmemnyang'anya mara ya pili, na safari hii hatakuwa na polisi wa kumwendea.

Kinachofanya kazi kuliko kumfungia ni kumpa neno la kusema. Mstaarabu anashindwa kumkatia simu mtu anayemwamkia vizuri, hasa mwalimu. Basi awe na sentensi yake, aizoee kama alivyozoea kuita mahudhurio: "Mambo ya fedha nayazungumza ofisini tu. Nitajie jina lako, nitakuja na mwanangu." Halafu akate, bila kungoja jibu. Ofisi ya mkoa ya mfuko ipo, anaijua, alikwenda kwa uhakiki. Na kwa upande wenu, mkubaliane hivi: kabla ya hela yoyote kutoka kwa sababu ya simu, iwe ya mfuko, ya hospitali, au ya "mwanao amepata ajali", anampigia mmoja wenu kwa namba anayoijua yeye, hata saa nane za usiku. Atakayepokea haruhusiwi kupandisha sauti. Hili la sauti andikianeni kabisa, maana ninyi ni wakali, nimeona.

Sasa wewe na mama. Nimeona unavyotaka kumrudia kwa simu. Haipokelewi, na isingefaa. Panda Kibosho. Kelele ulipiga mbele ya mashemeji, kwa hiyo msamaha nao usiuombe chumbani peke yenu, waite haohao. Wewe ni Mchaga, sale, lile jani la kuombea msamaha, unalijua kuliko mimi. Lichume pale mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, umpelekee kwa mikono miwili. Useme ulichokisema, kilekile, usikipunguze makali, kisha useme ulikosea. Usiongeze "lakini". Usilete mhadhara wa usalama wa mitandao siku hiyo. Habari ya polisi na kadi iende siku ya pili, na aende kama mlalamikaji, yeye ndiye aongee, wewe ukae kiti cha pembeni.

Kuna watu watakushauri umpeleke jumuiya akatoe ushuhuda ili wengine wajifunze. Usithubutu. Akitaka siku moja, atasema mwenyewe, na nadhani atasema, maana kwenye ile jumuiya si yeye peke yake aliyepigiwa. Lakini siku ataichagua yeye. Kama ataendelea kujifungia, hapati usingizi, hali chakula, au anazungumzia kufa, usilichukulie kama hasira ya kawaida ya mzee. Mpeleke hospitali kama ambavyo ungempeleka kwa homa.

Mtamba mkiweza kuchanga, aende yeye mnadani kumchagua.

Na lile goti. Umeandika kwamba unafiki wa yule kijana ndio unaokuuma, jinsi alivyoanza kila asubuhi kwa kuuliza goti limeamkaje. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika goti la mama limekuwaje, linauma tangu lini, alikwenda hospitali ya KCMC au ya Mawenzi, alipewa dawa gani. Sikupaona. Ukifika, ukishakabidhi sale, keti naye bandani na umuulize.